Ada ya Kila Mwezi: Jinsi Kipimo cha Mwili Kilivyoacha Kuuzwa Kikawa cha Kukodi



Tunaanza na kisa kidogo. Bibi harusi mmoja wa hapa visiwani aliletewa bangili ya kupimia mwili na jamaa yake anayeishi Ghuba. Zawadi nzuri, nyepesi, haina makuu. Aliivaa miezi mitatu ya matayarisho, mchana na usiku. Ilimhesabia hatua, ilimwambia amelala saa ngapi, na kwenye programu yake ya simu alikuwa akiandika siku zake za hedhi ili ajue tarehe ya harusi itaangukia wapi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akafungua simu, akakuta michoro yote imefunikwa. Ujumbe ulisema muda wake wa bure umekwisha. Akitaka kuendelea kuona, alipie kila mwezi kwa kadi ya benki. Aliyeleta zawadi hakuwa na habari hiyo. Duka lililouza halikumwambia. Bibi harusi wetu akatuuliza swali ambalo mpaka leo hatujalisahau: "Siku ni zangu, mwili ni wangu. Sasa nakodishwa nini?"

Swali hilo si lake peke yake. Limeulizwa Marekani, limeulizwa Ulaya, na watu waliovaa pete na saa za bei kubwa kuliko bangili ile. Ili tulijibu kwa haki, bila ya kuwaonea wenye kampuni wala kujionea wenyewe, inabidi turudi nyuma tuangalie vifaa hivi vimetoka wapi na ni lini hasa mlango huu wa malipo ulifunguliwa.

Kuhesabu kulikuwa kwetu kabla ya kifaa

Mwanadamu kujipima mwili si jambo la juzi. Kule Italia, daktari Santorio Santorio, aliyezaliwa mwaka 1561 na kufariki 1636, alijitengenezea kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani. Kwa muda wa miaka kama 30 alipima uzito wake, chakula anachokula na kinachomtoka, akaandika kila kitu. Mwaka 1614 alichapisha kitabu cha matokeo yake. Mizani ilikuwa yake, kiti chake, daftari lake.

Wanawake wa Kiislamu nao wamekuwa wakihesabu kwa karne nyingi, kwa sababu ibada yetu imefungamana na hesabu hiyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayoifuata, hedhi uchache wake ni usiku na mchana mmoja, kawaida yake ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku kumi na tano. Tuhara baina ya hedhi mbili haipungui siku kumi na tano. Juu ya hesabu hii inasimama swala, inasimama saumu na kadha ya Ramadhani, na inasimama eda ya mwanamke aliyeachwa. Mwanamke aliyezoea siku zake masheikh husema ana ada yake. Damu ikimchanganyikia, anarudishwa kwenye ada hiyo.

Nani aliyetufundisha kuihesabu? Mama, bibi, shangazi, na kwa bibi harusi, somo wake. Somo alikaa na mwari akamfundisha usafi, josho, na namna ya kuzijua siku zake. Alipewa haki yake kama ilivyokubaliwa, akaondoka, na elimu ikabaki kwa mwari. Hakurudi mwezi wa pili kusema, "Nilipe tena, la sivyo utasahau." Hatusemi haya kwa kutaka kurudi zamani. Tunayasema ili tuone baadaye ni kitu gani hasa kilichobadilika.

Japani, 1965: hatua elfu kumi

Kifaa cha kwanza cha aina hii kuingia kwa wingi katika maisha ya watu wa kawaida kilitoka Japani. Mwaka 1964 mji wa Tokyo ulikuwa mwenyeji wa michezo ya Olimpiki, na watu wakaanza kuzungumza sana juu ya afya na mazoezi. Mwaka uliofuata, kampuni ya Yamasa ikatoa kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kinachohesabu hatua, kikaitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile namba ambayo hadi leo saa na simu zinatuhimiza nayo. Ilikuwa ni jina la bidhaa. Haikutoka kwenye utafiti mkubwa wa kitabibu. Utafiti wenyewe ulikuja baadaye sana. Mwaka 2019, mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 16,741 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache katika kipindi cha utafiti kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kuongezeka mpaka kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Basi wewe ambaye hukufika elfu kumi kwa sababu ulikuwa jikoni, usijione umeshindwa.

Lakini kwa mada yetu ya leo, jambo la kuliangalia kwenye manpo-kei ni biashara yake. Uliingia dukani, ukalipa, ukatoka nacho. Namba ilikaa juu ya kifaa chenyewe, kiunoni mwako. Kampuni haikuijua na wala haikuihitaji.

Finland, 1982: moyo unasomwa

Hatua iliyofuata ilitoka Finland. Karibu na mji wa Oulu, kaskazini mwa nchi hiyo, Seppo Säynäjäkangas alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977. Mwaka 1982 ikatoa kifaa cha kupimia mapigo ya moyo bila waya: mkanda unafungwa kifuani, na namba inaonekana kwenye saa ya mkononi. Wanamichezo wakaanza kujua moyo unakwendaje wakiwa mbioni, jambo ambalo awali lilihitaji mashine za hospitali.

Hiki nacho kilikuwa ghali, lakini kiliuzwa kama kinavyouzwa cherehani. Ukikinunua ni chako. Kampuni ikifilisika kesho, kitaendelea kusoma moyo wako mpaka betri iishe, na utanunua betri nyingine. Uukumbuke mji huu wa Oulu, maana tutarudi.

Marekani, 2009: namba inahama

Badiliko kubwa lilikuja San Francisco. Mwaka 2007, James Park na Eric Friedman walianzisha kampuni ya Fitbit. Mwishoni mwa mwaka 2009 wakaanza kuuza kibanio kidogo cha kubana kwenye nguo, bei yake dola 99. Kilihesabu hatua, kikakisia nguvu zilizotumika, na usiku kikaangalia usingizi. Hadi hapo ni manpo-kei iliyokwenda skuli.

Jipya lilikuwa hili: namba hazikukaa tena kwenye kifaa. Zilipitia kwenye mtandao zikahifadhiwa katika kompyuta za kampuni, na wewe ukaingia kwenye ukurasa wako kuziangalia. Ilikuwa raha. Kifaa kidogo hakiwezi kuchora picha ya mwaka mzima, lakini kompyuta kubwa inaweza. Ukipoteza kifaa, kumbukumbu zako zipo. Watu wakafurahi, na ni haki yao kufurahi.

Ila pale pale, kimya kimya, umiliki ukagawika mara mbili. Kifaa kikawa chako, kumbukumbu zikakaa nyumbani kwa mtu mwingine. Na mwenye nyumba ndiye mwenye funguo. Katika miaka ile ya mwanzo, mteja wa Fitbit aliyetaka kuzichukua takwimu zake kwenye faili, azipeleke anakotaka, alitakiwa awe kwenye huduma ya kulipia. Wapo waliolalamika tangu wakati huo kwamba wanauziwa hatua walizotembea kwa miguu yao wenyewe. Baadaye kampuni iliondoa sharti hilo.

Wengine walijifunza kwa njia ngumu zaidi. Nike ilitoa bangili yake iitwayo FuelBand mwaka 2012. Mwaka 2018 ikaizima huduma iliyokuwa ikiziendesha. Jawbone, iliyouza bangili za kupimia usingizi, ilifungwa mwaka 2017. Bangili zilibaki mikononi mwa watu zikiwa nzima, lakini nyumba ya kumbukumbu ilikuwa imefungwa.

Kwa nini kampuni ziligeukia ada ya kila mwezi

Tuwape wenye kampuni haki yao ya kusikilizwa, maana hukumu bila kusikiliza upande wa pili si uadilifu.

Kifaa kinauzwa mara moja, lakini gharama yake haimaliziki siku hiyo. Kompyuta za kuhifadhi zinakula umeme kila saa. Simu zinabadilika kila mwaka na programu lazima ifuate. Wapo wahandisi, wapo wanaojibu malalamiko. Mteja aliyelipa dola 99 mwaka 2010 anataka kuhudumiwa mpaka 2020 kwa fedha ile ile. Na wengi wakishanunua moja hawanunui la pili. Huivaa miezi michache, kisha inaingia kwenye droo pamoja na chaja za zamani.

Fitbit yenyewe ni mfano. Iliingia soko la hisa mwezi Juni 2015 kwa dola 20 kwa hisa, bei ikapanda sana mwaka huo huo, kisha ikaporomoka miaka iliyofuata watu walipoacha kununua vipya kwa wingi ule. Mwezi Novemba 2019 ikakubali kununuliwa na Google kwa dola bilioni 2.1, na ununuzi ukakamilika Januari 2021. Miezi michache kabla ya makubaliano hayo, mwaka 2019, ilikuwa imeshatangaza Fitbit Premium mpya: dola 9.99 kwa mwezi au 79.99 kwa mwaka. Wenye fedha walitaka kipato kinachoingia kila mwezi kama kodi ya nyumba, si kinachosubiri msimu wa kununua.

2018 mpaka 2025: miaka ya manung'uniko

Whoop ya Boston ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwanzo iliuza mkanda wake kwa dola 500. Mwaka 2018 ikageuza kabisa: mkanda hulipii, unalipa dola 30 kila mwezi, na ukiacha kulipa haukusomei kitu kipya. Unaweza kusema ni ghali, lakini mkataba ulikuwa wazi. Hukununua, umekodi, na umeambiwa umekodi.

Sasa turudi Oulu. Katika mji ule ule ilianzishwa kampuni ya Oura mwaka 2013, ikatengeneza pete ya kusoma usingizi, mapigo ya moyo na joto la mwili. Wanawake wengi waliipenda kwa sababu joto hupanda kidogo baada ya yai kutoka, na pete huliona bila ya wewe kuamka na kipimajoto mdomoni. Pete za mwanzo ulinunua ukapata kila kitu. Mwezi Oktoba 2021 ikatoka pete ya tatu kwa dola 299, na safari hii kukawa na uanachama wa dola 5.99 kwa mwezi. Asiyelipa alibakishiwa alama tatu tu za siku: usingizi, utayari na shughuli. Undani wake ukafungwa. Waliokuwa na pete ya zamani wakahamia mapema walipewa uanachama wa maisha bila malipo, lakini wateja wapya wengi walikasirika.

Piga hesabu nasi. Dola 5.99 mara miezi 12 ni karibu dola 72 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni karibu dola 288. Yaani umeinunua pete ile ile mara ya pili, bila ya kupata pete ya pili.

Mwaka huo huo wa 2021, Fitbit ilileta alama ya utayari wa mwili kwa wanaolipia tu. Mwaka 2024 alama hiyo ikaachiwa bure. Mteja ana haki ya kujiuliza: kama leo inawezekana kutolewa bure, jana nilikuwa nalipia nini?

Kisha ukaja mwaka 2025. Garmin, maarufu kwa saa za wakimbiaji, ilikuwa na wateja waliojivunia kwamba wamelipa mara moja na hawadaiwi. Mwezi Machi ikatangaza huduma ya ziada, dola 6.99 kwa mwezi au 69.99 kwa mwaka. Ilisema wazi kwamba vilivyokuwa bure vitabaki bure. Hata hivyo hasira zililipuka. Watu hawakukasirikia kilichochukuliwa, kwani hakijachukuliwa kitu. Walikasirikia kesho. Walikwishaona kwa wengine jinsi mlango unavyoanza kwa ufa.

Miezi miwili baadaye, Mei 2025, ikawa zamu ya Whoop. Wateja walikuwa wameelezwa huko nyuma kwamba aliyekuwa mwanachama kwa miezi sita au zaidi atapewa kifaa kipya bure kikitoka. Kikatoka, na wakaambiwa walipe ziada au waongeze mkataba. Kelele zikawa kubwa, na katika siku chache kampuni ikarudi nyuma: wenye zaidi ya miezi 12 iliyobaki kwenye mkataba wao wakapewa bila malipo. Tunajifunza mambo mawili hapo. Mkataba wa wazi unaweza kuharibiwa na ahadi isiyotimizwa. Na sauti ya mteja, ikiwa na hoja na ushahidi, inasikika.

Hasira ni ya nini hasa?

Tukiyapanga manung'uniko yote haya, fedha si ya kwanza. Watu wanalipa fedha kubwa zaidi kwa mambo madogo zaidi. Tunaona mambo mawili yaliyochanganyika.

La kwanza ni kwamba kuuza na kukodisha ni mikataba miwili tofauti, na wafanyabiashara hawa wameivisha ya pili nguo ya kwanza. Fiqhi yetu imetenganisha tangu zamani: kuna bai, na kuna ijara. Ukinunua nyumba, hulipi kodi kwa muuzaji. Ukikodi nyumba, hutoi bei ya nyumba. Mwenye kutaka bei ya pete kwanza, kisha kodi ya kinachotoka ndani ya pete, aseme hivyo waziwazi kabla mkono haujatoa fedha. Kutokujulikana kwa kitu kinachouzwa ndiko wanazuoni wanakokuita gharar, na sheria imetukinga nako kwa sababu ndiko kunakozaa ugomvi. Hatutoi fatwa hapa juu ya kampuni yoyote. Hilo ni la masheikh. Tunasema tu kwamba maumivu ya mteja yule wa Marekani asiyemjua Mtume wala Qurani, sheria yetu ilishayajua.

La pili ni zito zaidi: kilichofungiwa ni chake. Mwenye kukodi nyumba anakaa ndani ya kuta za mwingine. Lakini usingizi ule ni wake, moyo ule ni wake, na siku zile za hedhi ni zake. Kampuni imetoa kihisi na hesabu, naam, na hesabu ina thamani. Lakini malighafi yote yametoka kwake, usiku baada ya usiku. Kumfungia kumbukumbu za jana, ambazo hesabu yake ilishafanywa na kulipiwa kwa bei ya kifaa, si sawa na kumkatalia huduma mpya ya kesho. Surat al-Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa wanaojipimia kwa ukamilifu wakichukua na wakapunguza wakiwapimia wenzao. Ni sura ya vipimo. Tunaona kila mwenye kuuza kipimo, cha pishi au cha moyo, ana la kuzingatia humo.

Na lipo la siri. Mwezi Januari 2021 kampuni ya Flo, yenye programu ya kuhesabu hedhi iliyotumiwa na wanawake zaidi ya milioni 100, ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Ilituhumiwa kwamba iliahidi kutunza siri za wateja, huku ikipeleka taarifa zao kwa makampuni mengine yakiwemo Facebook na Google. Wakati wa ununuzi wa Fitbit, Umoja wa Ulaya nao uliiwekea Google sharti la kutotumia takwimu za afya za wateja wa Ulaya kwa matangazo kwa miaka 10. Kwa hiyo usidhani kwamba cha bure ni salama na cha kulipia ndicho chenye kunyonya. Wakati mwingine asiyelipa kwa dola analipa kwa siri zake. Mwanamke mwenye haya asiikubali hata moja bila kuuliza.

Kwa bibi harusi anayepewa, na kwa anayempa

Lugha yetu imetuachia neno moja lenye maana mbili: ada. Ni mazoea ya mwili wako, na ni malipo. Katika harusi zetu malipo hayo yapo mengi, kilemba, mkaja, kifungua mlango, na kila moja lina jina lake. Watu hubishana, hucheka, hupunguza, lakini hutajwa kabla na hulipwa yakaisha. Hakuna mkaja wa kila mwezi. Kipimo hichi hichi tukipeleke kwenye pete na saa.

Kabla ya kununua, au kabla ya kumnunulia mtu, uliza maswali manne. Je, kitafanya kazi gani nisipolipa hata senti baada ya kukinunua? Muda wa bure unaisha lini, na kadi itaanza kukatwa yenyewe au mpaka nikubali? Nikiacha kulipa, kumbukumbu za nyuma nitaziona? Na nitawezaje kuzitoa zote nikahifadhi mwenyewe? Muuzaji asiyeweza kujibu, au asiyetaka, ameshajibu.

Majibu yaandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, imekuja kwa jambo la kuandikiana deni lenye muda, liwe dogo au kubwa. Ikiwa Mola wetu ametufundisha tusione tabu kuandika hata dogo, basi picha ya ukurasa wa masharti siku uliponunua si wasiwasi. Ni adabu. Wateja wa Whoop waliposimama mwaka 2025, nguvu yao ilikuwa ni maneno yaliyokwishaandikwa.

Ukimpa mtu zawadi ya aina hii, kamilisha wema wako. Lipia mwaka mzima, au chagua kifaa kisichodai. Zawadi inayomfuata bibi harusi kwa deni kila mwezi, akiwa anaanza nyumba mpya na bajeti mpya, imepungua uzuri wake.

Kila baada ya miezi miwili au mitatu, toa nakala ya kumbukumbu zako. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 imempa mtu haki ya kupata nakala ya taarifa zake na kuzihamisha, na kwa sababu hiyo kampuni nyingi zimeweka sehemu ya kupakua kwenye programu zao, hata kwa sisi tulio mbali. Tafuta kwenye mipangilio. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Haki zinaanza kujengwa. Tuzijue na tuzitumie.

Na siku zako za hedhi, dada, ziandike kwa mkono wako. Daftari dogo, tarehe ya kuona damu, saa, na tarehe ya kutwaharika. Programu inakisia tu. Hukumu ya swala yako inafuata ulichokiona, na kumbukumbu ya ada yako siku ya utata haifai kuwa nyuma ya mlango wa kulipia.

Bibi harusi wetu

Hakulipa. Hakuitupa bangili pia. Inaendelea kumhesabia hatua, na hilo alisema linamtosha. Jioni ile alikaa na bibi yake, akasikitika kwamba miezi yake mitatu imepotea. Bibi akamuuliza mwezi uliopita damu aliiona lini. Akajibu: usiku wa kuamkia Ijumaa ya pili, ile waliyokwenda kupima nguo. Na kabla yake? Akakumbuka tena, kwa maulidi ya jirani. Wakaandika pamoja nyuma ya kalenda, na kwa hesabu ile harusi ikaangukia ndani ya tuhara yake. Ikawa kama walivyohesabu, alhamdulillah.

Hatumwambii mtu avue pete. Vifaa hivi vina manufaa. Wapo walioamshwa navyo kwenda kwa daktari mapema. Tunasema tujue kila wakati tumenunua nini, tumekodi nini, na nini kilikuwa chetu tangu mwanzo.

Mwenyezi Mungu atubarikie afya zetu, azitie baraka ndoa za mabibi harusi wetu wa msimu huu, na atujaalie uadilifu katika kuuza na kununua. Amin. Wabillahi tawfiq.